Achia Mtoto Kidevu Chake

Jumanne nimeona tena. Baba mmoja hapa Arua, Uganda, kaniletea binti wa miezi 11 nimwangalie dalili za usonji (autism), kaka yake mtoto anao, kwa hiyo mzee yuko macho, na hapo simlaumu hata kidogo. Lakini kabla sijafungua daftari ameshamshika mtoto kidevu, anamgeuza uso, "Niangalie! Niangalie machoni!" halafu ananigeukia, "Madamu, si wewe utamfundisha vizuri kunishinda?" Huyo ni wa nne mwezi huu. Nimechoka kusema polepole, wacha niandike.

Yale ya haraka kwanza. Masikio yapimwe kabla ya chochote. Chanjo haileti usonji, hiyo sirudii. Na ukisikia mdogo wa mtoto mwenye usonji yuko hatarini, maana yake karibu mmoja kati ya watano hukutwa nao, yaani wanne hawanao, kwa hiyo acha kumwangalia mtoto kama kesi iliyoshahukumiwa.

Sasa macho. Watu wanadhani mtoto haangalii machoni, ndio usonji unaingilia hapo, basi tukimlazimisha kuangalia tumeuzuia. Ndugu yangu, hiyo ni kuchovya kipimajoto kwenye maji baridi halafu unatangaza malaria imeisha. Mwaka 2013 Warren Jones na Ami Klin kule Marekani walionyesha kwamba watoto waliokuja kukutwa na usonji, wakiwa na miezi 2 walikuwa wanaangalia macho ya watu kama wenzao tu, ila kati ya miezi 2 na 6 ndio kuangalia kukaanza kupungua. Watoto wenyewe walikuwa wachache, sawa, lakini mimi tangu hapo naona macho ni dalili ya kitu kinachopungua ndani, ladha ya watu niseme, yaani kuvutiwa na watu, na hakuna aliyewahi kuongezewa ladha ya mtu kwa kukamatwa kidevu. Anachojifunza ni kwamba uso wa baba unakuja na mkono.

Na tena kwenye tiba ninayoifanya, ya watoto wadogo wenye dalili za mwanzo, anayefundishwa si mtoto! Ni wewe. Mtoto wa miezi 11 si kuruta wa gwaride. Nilimwambia baba akae mkekani, nikarekodi dakika tano kwa simu yake. Binti alikuwa anazungusha kifuniko cha jerikani, baba naye: hii nini, rangi gani, sema baba, angalia hapa, leta. Nikahesabu maswali 14 kwa dakika moja, hata mimi ningegeukia ukuta. Nikamwambia nyamaza, chukua kifuniko chako, zungusha kama yeye, ngoja. Akazungusha huku anaona aibu, mtu mzima na kifuniko. Mtoto akaacha kuzungusha, akaangalia kifuniko cha baba, halafu akamwangalia baba mwenyewe. Sekunde moja, pengine haikufika. Baba hakuiona kabisa mpaka tulipoirudia kwenye video, tukairudia mara tatu. Hiyo sekunde ndiyo kazi yetu yote, kumfunza mzazi aione na aijibu.

Kuna wanaonitumia utafiti wa Australia wa 2021, wa Perth na Melbourne, eti "dawa imepatikana". Watoto kama 100 wa mwaka mmoja hivi wenye dalili za mwanzo, vikao 10 vya wazazi kujitazama kwenye video wakiwa na mtoto, kwa miezi 5, na walipofika miaka 3 waliokutwa na usonji ni asilimia 6.7, wale wa huduma ya kawaida 20.5. Ni namba nzuri, na ndizo zinanipa nguvu ya kuendelea. Lakini usonji tunaupa jina kwa tabia tunazoziona, sasa mtoto akivuka kidogo ule mstari, usonji umeondoka au jina tu ndilo limeondoka? Nimebishana na wenzangu mpaka chai ikapoa. Tena hapa mama anauza sokoni mtoto mgongoni, nauli ya boda ikipatikana namwona mara moja kwa mwezi, kucheza sakafuni na mtoto bibi anaona ni wazimu, wanaocheza naye ni watoto wenzake. Kwa hiyo mara nyingi ninayemfunza ni dada wa miaka 9. Sijui kama vitabuni hiyo inaitwa tiba. Ila dada hana maswali 14, na mara nyingi ananishinda.

Baba wa Jumanne wakati wa kuondoka aliniuliza kama sasa binti hatapata. Nikamwambia hilo siwezi kumwahidi, arudi baada ya wiki mbili na vifuniko vyake. Mlangoni nikaona mkono wake unaenda tena kwenye kidevu, ukakwama hewani, akaishia kumrekebisha kofia.