Je, Wajua Mzee Karume Alisomea Wapi Siasa?

Tarehe 22 Aprili 1964, watu wawili walitia saini Hati za Muungano mjini Zanzibar. Mmoja, Julius Nyerere, alikuwa na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Wa pili, Abeid Amani Karume, alikuwa amesoma madarasa machache ya msingi na kuingia ubaharia akiwa bado kijana. Je, mtu huyu aliwezaje kuongoza chama, kumshinda msomi katika uchaguzi na hatimaye kuwa Rais wa Zanzibar?

Jibu linalosikika sana barazani ni kwamba Mwenyezi Mungu alimpa kipaji. Kipaji alikuwa nacho, lakini jibu hilo linairuka miaka mingi ya masomo yasiyokuwa na cheti, ambayo wataalamu wa elimu ya watu wazima wanaiita elimu isiyo rasmi.

Karume, aliyezaliwa 1905, alitumia sehemu kubwa ya ujana wake melini. Huko mtu mzima hujifunza lugha ya wenzake kwa lazima, kwa kuwa amri isiyofahamika wakati wa kushusha mizigo inaweza kumvunja mtu mguu. Tena baharia aliyeshuka katika bandari za Ulaya alimwona Mzungu fukara akibeba makasha na kugombania kibarua, ilhali Mwafrika wa Ng'ambo (mitaa ya mji wa Zanzibar iliyo nje ya Mji Mkongwe) ambaye hajasafiri alimjua Mwingereza kama Balozi Mkaazi au ofisa wa serikali, yaani mtu wa kuamrisha tu. Kwa maoni yangu, somo hilo la kulinganisha lilikuwa na uzito kuliko kitabu chochote ambacho angepewa skuli wakati ule.

Aliporudi nyumbani alishirikiana na wenzake katika biashara ya mashua za mota zilizochukua watu baina ya meli zilizotia nanga na ufukoni. Kazi hiyo ilidai hesabu za nauli na mafuta, mgao wa haki baina ya wenye hisa, na uwezo wa kujibizana na maofisa wa bandari bila ya kunyang'anywa kibali.

Darasa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa ni jumuiya. Tawi la African Association lilianzishwa Zanzibar 1934, na ndani yake watu waliorudi jioni kutoka kazini walifanya mambo ambayo utawala wa kikoloni haukuwa na haja ya kuwafunza: kuitisha kikao, kumpa kila mtu zamu ya kusema, kuandika kumbukumbu, kukusanya ada na kueleza zilivyotumika, kumchagua kiongozi na kumwondoa. Ambaye hakujua kuandika alikaa na anayejua, akamwambia la kuandika, kisha akataka asomewe ahakikishe. Magazeti nayo yalienda mbali kuliko idadi ya nakala zake, kwa sababu gazeti kama Afrika Kwetu liliposomwa kwa sauti barazani, msomaji mmoja aliwatosha wasikilizaji wengi, na mjadala uliofuata ndio uliokuwa mtihani. (Wanaodhani kuwa baraza ni mahali pa kupoteza wakati hawajawahi kubanwa humo kwa hoja.) Mgomo wa 1948, ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandarini, uliwaonesha watu hao hao kwamba waliyokuwa wakiyazungumza yanaweza kutendwa.

Kwa hiyo, chama cha Afro-Shirazi Party (ASP) kilipoundwa Februari 1957 na Karume akawa Rais wake, alikuwa na zaidi ya miaka 50 na amekwishapita katika madarasa hayo yote. Julai mwaka huo aligombea Ng'ambo dhidi ya Ali Muhsin Barwani, msomi wa Makerere na mhariri wa gazeti la Mwongozi. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, na wanaume waliwekewa masharti. Hata hivyo Karume alishinda kwa tofauti kubwa, kwa kuwa alizungumza na wapiga kura kwa Kiswahili cha mitaani mwao na juu ya mambo waliyoyajua.

Mtu aliyepata elimu kwa njia ndefu namna hiyo hakutaka watoto wa wengine waipate kwa taabu ileile: tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, alitangaza elimu bila ya malipo.

Lakini njia hiyo ya kujifunza ilikuwa na sharti lake, nalo ni kuwapo kwa watu wanaoweza kukupinga. Melini, bandarini na katika jumuiya walikuwapo. Baada ya 1964 walipungua sana: Othman Sharif, aliyekuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya kwanza ya Mapinduzi, aliuawa 1969 baada ya kukamatwa, na uhusiano wa Karume na wasomi wengine ulijaa shaka. Karume mwenyewe aliuawa Kisiwandui, makao makuu ya ASP mjini Zanzibar, tarehe 7 Aprili 1972. Jumuiya alizokulia ndani yake zilimchagua kiongozi wao kwa kura, ilhali Wazanzibari walisubiri hadi 1980 ndipo walipopata Baraza la Wawakilishi.