Diwani kijana hana fungu la barabara mfukoni
Sheria inamruhusu mtu kugombea udiwani akiwa na miaka 21. Lakini huku Mwanza, kijana akishaapishwa tu, haipiti wiki hajaulizwa: "Mheshimiwa, lile fungu la barabara umelipeleka wapi?" Nimelisikia swali hilo Mabatini, kwa mama aliyekuwa akizoa tope mlangoni kwa sufuria baada ya mvua. Uchungu wake ni wa haki kabisa. Ila fungu hilo halipo.

Diwani hakabidhiwi fedha za ujenzi. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na fedha za Jiji husimamiwa na Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, hapigiwi kura.

Nguvu ya diwani iko kwingine, na si ndogo. Ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Huko ndiko mtaro unapoingia kwenye vipaumbele au unapoachwa. Kisha kwenye Baraza la Madiwani anapitisha bajeti na wenzake, na meya wanamchagua wao kwa wao. Anaweza pia kufuatilia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mimi diwani kijana ningempima hapo kwanza.

Kwa hiyo mama yule amuulize hivi: mtaro wetu uliusemea kwenye kikao gani, na bajeti ilipopita bila mtaro huo, wewe ulinyoosha mkono kukubali au kupinga?