Kujifunza Linux ya ARM bila kununua bodi

Simu nyingi tulizo nazo zinaendeshwa na vichakataji vya ARM, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, vilevile. Kompyuta za maabara nyingi, hata hivyo, ni za x86, familia nyingine ya vichakataji, na programu iliyojengwa kwa ajili ya ARM haiendeshwi na x86 moja kwa moja. QEMU, programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, huondoa kikwazo hicho. Inaigiza kompyuta nzima ya ARM ndani ya kompyuta uliyo nayo.

Kazi yake ni kama ya mkalimani mwenye daftari: huchukua fungu la amri za ARM, huligeuza kuwa amri za x86, kisha huhifadhi tafsiri hiyo ili fungu likirudi lisitafsiriwe upya. Hata hivyo kasi hupungua sana. Ikiwa kompyuta yako yenyewe ni ya ARM na ina Linux, tumia KVM, sehemu ya Linux inayoiruhusu QEMU kutumia kichakataji chenyewe. Hapo amri nyingi huenda kwenye kichakataji bila kutafsiriwa.

QEMU ina mashine nyingi za ARM na haikuchagulii hata moja. Wengi hukimbilia bodi wanayoijua kwa jina, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu bodi halisi huigizwa pamoja na mipaka yake. Ile ya zamani iitwayo versatilepb, kwa mfano, haipokei memori zaidi ya MB 256. Kwa anayetaka kujifunza Linux yenyewe, tunashauri mashine iitwayo virt. Haikunakiliwa kutoka bodi yoyote. Ilibuniwa kwa ajili ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa kwa programu. QEMU huiandikia keneli (kiini cha Linux) maelezo ya vifaa vyote na anwani zake, yaani mti wa vifaa, na keneli huusoma inapowaka. Huna haja ya kuuandaa mwenyewe.

Faida kubwa iko kwenye vifaa pepe vya virtio. Kuigiza kadi halisi ya mtandao ni kazi nzito: kila mara dereva, yaani programu inayoendesha kadi, anapogusa rejista (sehemu ya kadi inayopokea amri), mashine pepe husimama ili QEMU ijibu kama kadi ile ingejibu. Virtio haijifanyi kadi ya kiwanda chochote. Dereva wa Linux anajua kwamba yuko ndani ya mashine pepe, hivyo hupanga maombi mengi kwenye foleni iliyo katika memori ya pamoja, kisha hutoa taarifa mara moja. Diski, mtandao, hata chanzo cha namba nasibu, vyote hupita kwenye foleni za namna hiyo. Diski ya virtio utaiona kwa jina /dev/vda.

Kuna mtego mmoja unaowapotezea wanafunzi muda mwingi. Ukiita qemu-system-aarch64 kwa -M virt bila kutaja kichakataji, unapewa Cortex-A15, ambacho ni cha biti 32. Keneli ya biti 64 haitawaka, na skrini itabaki tupu bila ujumbe wa kosa. Andika -cpu cortex-a57, na kwenye maelekezo ya keneli weka console=ttyAMA0 ili ujumbe wake uonekane. Keneli ikiwaka lakini ikalalamika kwamba haioni diski ya mfumo, hakikisha madereva ya virtio yamejengwa ndani yake au yamo kwenye initrd, mfumo mdogo wa faili unaopakiwa pamoja na keneli.

Mtandao wa kawaida wa QEMU huipa mashine pepe anwani 10.0.2.15. Usiupime kwa amri ya ping, maana mara nyingi haijibu hata pale kila kitu kiko sawa; jaribu kupakua faili. Ukitaka kuingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao), elekeza mlango (port) 2222 wa kompyuta yako kwenda mlango 22 wa mashine pepe kwa hostfwd=tcp::2222-:22.

Virt haitakufundisha kuunganisha sensa wala kusoma pini za Raspberry Pi, na kasi utakayoipima humo haikuambii bodi halisi itakwenda vipi. Kwa kazi hizo, azima bodi.