Je, wajua akili mnemba husomaje programu iliyochorwa kwa nodi na nyaya?

Programu nyingi huandikwa kwa maneno, lakini zipo zinazochorwa. Chukua Blender, programu huria ya kuunda picha za pande tatu. Tangu toleo la 2.92 la mwaka 2021 ina mfumo uitwao Geometry Nodes: unapanga visanduku viitwavyo nodi, unaviunganisha kwa nyaya, na msitu mzima unaota juu ya kilima bila wewe kuandika mstari hata mmoja wa msimbo. Sasa mpe wakala wa akili mnemba, yaani programu inayofanya kazi kwa niaba yako, kazi hiyo umwambie, “Miti yangu haionekani, nitafutie kosa.” Ataanzia wapi?

Akifungua faili lenyewe la .blend hapati kitu. Ni baiti tu, si maandishi yanayosomeka. Mwanzoni kuna neno BLENDER, na faili likiwa limegandamizwa hata neno hilo halionekani. Picha ya skrini nayo haitoshi. Nyaya hupishana, kundi la nodi likikunjwa huficha yote yaliyomo, na waya ukichomekwa kwenye tundu, yaani sehemu ya nodi ya kuingizia au kutolea thamani, namba iliyokuwa hapo hutoweka machoni.

Dawa ni kuiuliza Blender yenyewe ikiwa inafanya kazi. Chombo cha ukaguzi huwa na sehemu mbili: programu-jalizi iliyo ndani ya Blender, inayosoma nodi kwa lugha ya Python kupitia `bpy`, maktaba ya Blender yenyewe, na seva ndogo inayoongea na wakala. Seva hizi siku hizi hutumia sana itifaki ya MCP, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, ambayo hupitisha maswali na majibu kama ujumbe wa maandishi wa muundo wa JSON-RPC 2.0.

Kila waya katika Blender una taarifa nne: `from_node`, `from_socket`, `to_node` na `to_socket`, yaani umetoka nodi ipi na tundu lipi, umeingia nodi ipi na tundu lipi. Matundu ya namba yasiyo na waya yana namba yake katika `default_value`. Ukiyapanga hayo kwa mistari, ule msitu usioonekana unasomeka hivi:

Named Attribute . Attribute → Math . Value
Math . Value_001 = 0.0
Math . Value → Distribute Points on Faces . Density
Distribute Points on Faces . Points → Instance on Points . Points

Kosa ni mstari wa pili. Nodi ya Math iko kwenye kuzidisha, na chochote ukizidisha kwa sifuri ni sifuri, kwa hiyo hakuna hata nukta moja ya kupandia mti. Ingekuwa 10, na sifa inayoingia kutoka Named Attribute ikiwa 1 kila mahali, ardhi ya mita 20 kwa 20 ingepata nukta zipatazo 4,000, kwa sababu Density, yaani msongamano wa nukta, huhesabiwa kwa kila mita ya mraba.

Hapo hapo ndipo vyombo vingi vilivyoandikwa haraka huanguka. Matundu ya kuingizia ya Math yote yanaitwa Value. Ukiandika `inputs["Value"]` unapata la kwanza tu, ile sifuri inabaki gizani, na wakala anajibu kwa kujiamini kwamba mambo ni shwari. Tumia `identifier`, ambayo haijirudii ndani ya nodi: Value, Value_001, Value_002. Kisha angalia `enabled`, inayosema kama tundu linatumika. Nodi ya Mix hubeba kwa pamoja matundu ya namba, vekta na rangi, na huficha yasiyotumika. Usipoyachuja, wakala ataona matundu mengi yaitwayo A na B asijue lipi ni lipi.

Pembe za kuzungusha umbo nazo zina mtego wake. Skrini inaonyesha nyuzi 90, Python inatoa 1.5708, maana ndani hutumika radiani, kipimo kingine cha pembe. Chombo kitaje kipimo waziwazi. Nodi iliyozimwa kwa herufi M isomwe kupitia `mute`, la sivyo wakala atahesabu kazi isiyofanyika. Makundi yafunguliwe kupitia `node_tree`, ngazi kwa ngazi.

Kusoma mchoro pekee hakutoshi. Lazima upime kilichotoka. `evaluated_get` humpa wakala umbo baada ya nodi kufanya kazi, pamoja na idadi ya vipeo, yaani nukta za kona zinazounda umbo. Lakini miti inayotoka Instance on Points ni marejeo ya mti mmoja, haimo kwenye hesabu hiyo. Msitu wa miti 4,000 unaweza kuonyesha vipeo vya ardhi peke yake, na wakala akadhani umeshindwa kuota. Miti ihesabiwe kupitia `object_instances` ya depsgraph, muundo wa ndani ambao Blender hutumia kukokotoa tukio zima.

Ukijenga chombo hiki, usiguse `bpy` kutoka kwenye uzi mwingine wa programu (thread, yaani kazi inayoendeshwa sambamba), maana Blender inaweza kufa ghafla bila kukuachia ujumbe unaoeleweka. Weka maswali ya seva kwenye foleni, kisha yatoe kwa kitendakazi ulichosajili kwenye `bpy.app.timers`, kikirudisha 0.1 kitaitwa tena baada ya sekunde 0.1, kisiporudisha kitu kinakoma.

Viunganishi vingine vya Blender na wakala humpa wakala ruhusa ya kuendesha Python yoyote. Kwa kazi ya kukagua ruhusa hiyo ni kubwa mno, kwani Python hiyo hiyo inaweza kufuta mafaili kwenye diski. Amri nne za kusoma tu zinatosha: orodhesha mitandao ya nodi, soma nyaya za mtandao mmoja, soma nodi moja kwa kina, pima matokeo. Orodha ya nyaya itangulie na namba zifuate zikiombwa, maana mtandao wa nodi 300 ukimwagwa wote kwa mpigo unajaza nafasi ya kumbukumbu ya wakala kabla hajafika kwenye ile sifuri.