Pesa, machungwa na mabilionea walioanguka: yanayosemwa kuhusu Kupro Kaskazini na yalivyo kweli

Jina la Asil Nadir haliwaambii kitu vijana wengi wa leo, lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 halikukauka kwenye kurasa za biashara za magazeti ya London. Alizaliwa Lefke, Kupro, mwaka 1941, akaanza na biashara ya nguo mashariki mwa London. Mwaka 1980 alijitwalia kampuni ndogo ya mavazi iitwayo Polly Peck, na mwaka 1989 kampuni hiyo ikaingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa kabisa za soko la hisa la London. Mwaka uliofuata ikaanguka. Mwenyewe akaja kukimbilia kwao.

Kwao ni kaskazini mwa kisiwa cha Kupro, au Saiprasi kama wengi tunavyokiita. Ni zaidi ya theluthi moja ya kisiwa, iliyochukuliwa na jeshi la Uturuki mwaka 1974. Viongozi wake walitangaza dola yao Novemba 15, 1983, na mpaka sasa nchi iliyoitambua ni moja tu, Uturuki. Kuhusu eneo hilo na pesa zake yamezoeleka maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Tuyapitie.

“Polly Peck ilikuwa kampuni hewa”

Hapana. Machungwa yalikuwepo, yakichumwa kwenye mashamba ya Morphou. Maboksi ya kuyafungia yalitengenezwa kwenye kiwanda chake cha Unipac, Famagusta. Uturuki alikuwa na Vestel, watengenezaji wa televisheni. Mwaka 1989 alinunua biashara ya matunda ya Del Monte kwa dola milioni 875, na mwaka huohuo akashika usukani wa Sansui, kampuni ya redio na vyombo vya kusikilizia muziki ya Japani. Mtu hanunui vitu hivyo kwa maneno matupu.

Kasoro ilikuwa kwenye hesabu, na inafaa kueleweka kwa sababu haikuwa imefichwa. Tuseme kampuni imeweka benki lira za Kituruki zenye thamani ya pauni milioni 10, riba asilimia 40. Mwisho wa mwaka riba hiyo inaandikwa faida. Lakini ndani ya mwaka huohuo lira imeporomoka, na ule mtaji wa milioni 10 sasa una thamani ya milioni 7. Hasara ya milioni 3 iko wapi? Haionekani kwenye hesabu ya faida na hasara. Imepelekwa moja kwa moja kwenye akiba ya kampuni, upande wa pili wa mizania, mahali ambapo mwenye hisa wa kawaida hafiki. Kanuni za uhasibu za Uingereza za wakati huo ziliruhusu jambo hilo. Kwa hiyo lira ilipozidi kuugua, ndivyo riba ilivyopanda na faida ilivyozidi kunawiri kwenye karatasi. Faida iliyotangazwa kwa mwaka 1989 ilikuwa pauni milioni 161. Wakaguzi walitia saini, mabenki yakakopesha, na wachambuzi wa hisa wenye suti zao wakaendelea kuwaambia watu wanunue.

Agosti 1990 Nadir alisema anataka kuinunua kampuni yote iwe yake, kisha baada ya siku chache akaghairi. Soko likashtuka. Septemba 20 wapelelezi wa ofisi ya Uingereza inayoshughulikia ulaghai mkubwa walivamia kampuni iliyokuwa ikisimamia mambo ya familia yake, na siku hiyo hiyo hisa zikashuka kutoka peni 243 hadi 108 kabla ya biashara yake kusimamishwa. Mwezi uliofuata Polly Peck ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Walipotaka kuziona pesa zilizodaiwa kuwa zimewekwa kaskazini mwa Kupro, wakagonga mwamba.

“Vikwazo vya Umoja wa Mataifa ndivyo vilivyoua uchumi wake”

Hii utaisikia hata kwa watu waliosoma. Ukweli ni kwamba Baraza la Usalama halijawahi kuiwekea Kupro Kaskazini vikwazo vya biashara. Azimio namba 541 la mwaka 1983 lilisema tangazo la dola halina nguvu kisheria na likazitaka nchi zisiitambue. Namba 550 la mwaka 1984 likarudia hayo na kuzitaka zisiisaidie. Hakuna palipoandikwa kwamba machungwa yasinunuliwe.

Kilichoubana mlango ni mambo mengine. Serikali ya Kupro, ile inayotambuliwa, ilitangaza mwaka 1974 kuwa bandari za kaskazini zimefungwa. Ndege za kwenda Ercan, uwanja wa ndege wa kaskazini, ni lazima zipitie Uturuki. Kisha Julai 1994 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kuwa nchi wanachama zisipokee vyeti vya asili na vya afya ya mimea vilivyotolewa na mamlaka za kaskazini. Hapo ndipo tunda la Morphou lilipopoteza nafasi yake kwenye masoko ya Ulaya.

Angalia tarehe hizo. Polly Peck ilianguka 1990, uamuzi ukaja 1994. Machungwa ya Nadir yaliuzwa Uingereza bila taabu mpaka dakika ya mwisho. Anayesema vikwazo ndivyo vilivyommaliza anamtafutia kisingizio ambacho kalenda inakikataa.

“Kaskazini kuna sheria inayolinda wahalifu”

Sheria ya namna hiyo haipo. Mahakama zake zimerithi taratibu za Kiingereza tangu enzi za ukoloni, na magari yanapita kushoto kama Uingereza. Tatizo ni kwamba Uingereza haiitambui dola hiyo, kwa hiyo haina mkataba nayo wa kurudishiana watuhumiwa. Utaandika barua ya kumdai mtu kwa serikali ambayo wewe mwenyewe unasema haipo?

Mei 1993, akisubiri kesi ya wizi wa pesa za Polly Peck, Nadir alipanda ndege ndogo kwenye kiwanja cha Compton Abbas, Dorset, akavuka hadi Ufaransa na kutoka hapo mpaka kaskazini mwa Kupro. Mwezi uliofuata waziri mmoja wa Uingereza, Michael Mates, alilazimika kujiuzulu kwa sababu alikuwa amempa mtuhumiwa huyo zawadi ya saa yenye maneno ya kumtia moyo asikubali kuangushwa. Saa tu, lakini ilitosha.

Alikaa huko miaka 17, tajiri, akimiliki gazeti linalosomwa sana, Kıbrıs. Agosti 2010 akarudi London kwa hiari yake, baada ya kuhakikishiwa dhamana. Wapo waliosema mwenye hatia harudi. Agosti 2012 baraza la wazee wa mahakama katika Old Bailey lilimtia hatiani kwa makosa 10 ya wizi wa karibu pauni milioni 29 za Polly Peck, akafungwa miaka 10. Utetezi wake ulikuwa kwamba pesa zilizotoka London zilifidiwa na fedha taslimu ambazo mama yake alizipeleka benki kule Kupro. Wazee hawakuununua. Aprili 2016 alihamishiwa Uturuki amalizie kifungo chake huko, na muda si muda akawa huru, amerudi nyumbani.

Wale wanaodhani kutotambuliwa ni kinga waisikilize pia habari ya Elmas Güzelyurtlu, maana kisu hicho kinakata pande zote mbili. Alikuwa mmiliki wa Everest, moja ya benki zilizofilisika kaskazini kwenye mgogoro ulioanza mwishoni mwa 1999. Alihamia upande wa kusini. Januari 2005 yeye, mke wake na binti yao waliuawa kwa risasi. Washukiwa walikuwa kaskazini, ushahidi kusini. Kusini walikataa kukabidhi faili kwa dola wasiyoitambua, na Uturuki ikayarudisha maombi ya kukabidhiwa washukiwa bila kuyajibu. Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuwa Uturuki ilivunja wajibu wake kwa kutoshirikiana, na kwamba Kupro haikukosea. Familia ilikuwa imesubiri miaka 14.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha mambo yote haya. Kutotambuliwa hakuibi pesa wala hakuui mtu. Kunachofanya ni kumzuia anayefuatilia asivuke.

“Benki zilianguka kwa kuwa hakuna dola halali”

Zilianguka kwa sababu zilezile za kila mahali: riba za kuwavutia watu waweke akiba, usimamizi legelege. Mwaka 2000 walioweka amana waliandamana hadi bungeni, na walikuwa na haki.

Halafu tazama kusini, penye bendera Umoja wa Mataifa na uanachama wa Umoja wa Ulaya. Machi 2013 benki zote zilifungwa kwa karibu wiki mbili. Zilipofunguliwa, mtu aliruhusiwa kutoa euro 300 kwa siku. Benki ya Laiki ikavunjwa, na kwenye Benki ya Kupro asilimia 47.5 ya amana zilizozidi euro 100,000 iligeuzwa kuwa hisa bila mwenyewe kuulizwa.

“Kule kila mtu anaishi kwa kasino”

Kasino zipo, na zilishamiri Uturuki ilipopiga marufuku za kwake mwaka 1998. Biashara hiyo ina damu yake: Halil Falyalı, mmoja wa vigogo wake, aliuawa kwa risasi eneo la Kyrenia Februari 2022. Lakini mwalimu wa Famagusta hapati chochote kwenye meza ya kamari. Mshahara wake ni lira. Nyumba aliyopanga inatangazwa kwa pauni za Kiingereza, desturi ambayo imeota mizizi huko. Mwanzoni mwa 2018 dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya lira 4, mwisho wa 2021 ilikuwa karibu 13. Mwenye nyumba hakupandisha kodi hata senti, na bado mpangaji alitakiwa kutafuta lira zaidi ya mara tatu. Huku Wakupro wa kusini, wenye euro, wakivuka kwenye kituo cha ukaguzi kujaza mafuta ya gari kwa bei ya kutupa.

“Kiwanja ni cha bei rahisi na hati unapewa”

Hati unapewa, swali ni ya nani. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mali ya Wakupro Wagiriki waliokimbia 1974. Wanandoa fulani wa Kiingereza walijenga jumba lao Lapithos, mwenye kiwanja akawashtaki kusini na kushinda, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikakubali hukumu hiyo itekelezwe dhidi ya mali zao za Uingereza.

“Ukifika huko umefika Ulaya”

Hii inatugusa sisi, kwa kuwa vyuo vya kaskazini vimejaa wanafunzi kutoka Afrika, Wakongo wakiwemo, na mawakala wa uandikishaji hawakosi maneno matamu. Kisheria kisiwa kizima kiliingia Umoja wa Ulaya Mei 1, 2004, ila sheria za Umoja huo zimesimamishwa kaskazini. Viza ya kaskazini haikufikishi kusini. Ukivuka Mstari wa Kijani, ule unaokigawa kisiwa, kwa njia za panya, upande wa pili unahesabiwa umeingia kinyume cha sheria. Ubalozi wa nchi yako hutaukuta kaskazini. Na cheti chako kiulizie kwenye mamlaka ya vyuo vikuu nyumbani kabla ya kulipa ada, maana ada yenyewe mara nyingi inadaiwa kwa euro.