Kukesha sana si ndo wito

Huku Tabora watu wanasema daktari mwenye wito ni yule aliekesha usiku mzima na asubuhi bado yuko wodini, akisinzia kidogo tu basi mvivu. Jamani sio kweli. Kuna utafiti wa Boston ulitoka 2004, madaktari wa intanshipu wakiwa kwenye zamu za zaidi ya saa 24 walifanya makosa makubwa kama asilimia 36 zaidi kuliko walipopunguziwa masaa, na hiyo ni wodi ya mahututi. Moyo wanao, ila usingizi ukikosekana hata hesabu ya dozi ya mtoto inakupiga chenga. So ukimkuta nesi kajiegesha na mwenzie yuko macho, usimpige picha ukairushe grupu, muache, alfajiri ndo anampa mwanao dawa.