Je, wajua kwa nini mgonjwa wa dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na fikra, anaweza kukaa kutwa nzima bila kufanya lolote?

Redio iko umbali wa mkono, naye hajaiwasha. Maji yako mezani tangu asubuhi, hajayagusa. Miguu yake mizima, mikono ina nguvu, na ukimuuliza kama ana huzuni atakujibu hana, na mara nyingi anasema kweli. Walio karibu naye huishia kumwona mvivu, au kudhani amesusa. Lakini tatizo liko ndani ya ubongo, kwenye mawasiliano ya sehemu chache ambazo kazi yake ni kuligeuza wazo kuwa tendo.

Hali hii ya kukosa ari humpata karibu nusu ya watu wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina ya dimensia iliyo ya kawaida zaidi. Katika dimensia inayoanzia sehemu za mbele za ubongo huja mapema zaidi, pengine kabla kumbukumbu haijaguswa. Vigezo vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2018 vinataka idumu angalau wiki 4, iwe ni badiliko kutoka tabia ya zamani ya mtu huyo, na iguse walau mambo mawili kati ya matatu: shughuli na fikra, hisia, na kuchangamana na watu. Mtu aliyekuwa mkimya maisha yake yote hahesabiwi kwa sababu tu ni mkimya.

Tuchukue tendo dogo la kunywa maji. Kabla mkono haujanyanyuka, ubongo unapima kama maji hayo yanastahili taabu ya kuyafikia. Unapanga hatua, unatoa amri ya kuanza, kisha unashikilia kazi mpaka imalizike. Baadaye unaweka kumbukumbu kwamba kunywa kulileta nafuu, na kumbukumbu hiyo ndiyo itakayorahisisha uamuzi wa kesho. Yote hayo hupita kwa mtu mwenye afya bila yeye kujua.

Upimaji wa faida dhidi ya taabu unategemea sana gamba la singuleti la mbele, sehemu ya tabaka la nje la ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, katikati kabisa, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana. Gamba hilo hupeleka ujumbe chini kwenye striatamu, rundo la seli lililo kilindini. Striatamu huupitisha kwa palidamu, palidamu kwa talamasi, vituo vingine viwili vya kilindini, nayo talamasi huurudisha juu kwenye gamba. Mwaka 1986, watafiti wa ubongo Garrett Alexander, Mahlon DeLong na Peter Strick walieleza mizunguko mitano ya namna hii inayokwenda sambamba, kila mmoja na kazi yake: mmoja wa mwendo wa viungo, mmoja wa macho, na huu wa singuleti ndio unaohusishwa zaidi na ari. Dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe itokayo kwenye ubongo wa kati, hufika kwenye mzunguko huu na kuongeza au kupunguza uzito wa zawadi inayotarajiwa.

Kwa kuwa ni mzunguko, ukikatika popote matokeo hufanana. Seli za juu zinaweza kuwa hai, na za chini pia, ila nyuzi zinazoziunganisha zimeoza. Hilo huonekana wazi katika dimensia itokanayo na mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo hulisha nyuzi za kilindini, zile zinazofanya sehemu nyeupe ya ubongo. Ikikakamaa na kuziba, nyuzi hupoteza utando wake wa mafuta na ujumbe huchelewa au haufiki. Singuleti zote mbili, ya kulia na ya kushoto, zikiharibika vibaya, mtu anaweza kubaki macho, akikufuata kwa kutazama, bila kusema neno wala kusogea, ingawa hajapooza. Mgonjwa wa dimensia asiye na ari yuko kwenye njia hiyo hiyo, ila hajafika mbali kiasi hicho.

Watafiti huziona nyuzi hizi kwa njia mbili, zote za mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Ya kwanza hufuatilia mwendo wa maji ndani ya ubongo. Kwenye nyuzi nzima, molekuli za maji hutembea kwa kufuata urefu wa uzi. Nyuzi zikichakaa, maji husambaa kila upande. Tofauti hiyo hupewa alama kati ya 0 na 1, na alama ikishuka hudhaniwa kuna uharibifu. Njia ya pili humlaza mtu kwa dakika chache bila kazi yoyote, huku mashine ikirekodi kupanda na kushuka kwa oksijeni ya damu katika kila sehemu. Sehemu zinazopanda na kushuka pamoja huhesabiwa kuwa zinawasiliana. Hapa pana mtego: mgonjwa akitikisa kichwa hata milimita chache, picha inaweza kuonyesha mawasiliano yasiyokuwepo au kuficha yaliyopo, na watu wenye dimensia hutulia kwa shida. Vipimo hivi husema jambo juu ya kundi la wagonjwa wakilinganishwa na kundi jingine. Bado havitumiki kumwambia mtu mmoja, “wewe umekosa ari kwa sababu ya uzi huu.”

Mwaka 2006, madaktari wa ubongo Richard Levy na Bruno Dubois waligawa tatizo hili katika sura tatu, na kwa anayemhudumia mgonjwa mgawanyo huu una faida kuliko picha yoyote. Wa kwanza haoni tena utamu wa jambo: habari njema na mbaya humpitia sawasawa. Wa pili anataka, lakini hatua zinamshinda. Ataanza kuvaa na kuachia katikati kwa sababu hajui kinachofuata. Wa tatu hajianzishi mwenyewe kabisa, lakini akianzishwa anafanya vizuri ajabu. Huyu wa tatu ndiye anayesingiziwa uvivu zaidi, maana watu wanasema, “Mbona jana alipoambiwa alifanya?” Alifanya kwa sababu aliambiwa.

Majaribio ya kubana kishikio kwa mkono ili kupata zawadi yameongeza jambo la maana. Nguvu inayodaiwa hupimwa kulingana na uwezo wa mtu mwenyewe, kwa hiyo udhaifu wa misuli hauharibu matokeo. Katika majaribio hayo kwa watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo, wasio na ari walikataa hasa pale zawadi ilipokuwa ndogo. Ikiwa kubwa, walikubali kubana. Basi mwenye kumhudumia mgonjwa ana mambo mawili mkononi: kuikuza faida na kuipunguza taabu.

Kosa la kawaida ni kuuliza, “Unataka kwenda kutembea?” Swali hilo linapelekwa moja kwa moja kwenye sehemu iliyoharibika, na jibu lake rahisi ni hapana. Weka viatu mbele yake, simama, nyosha mkono, sema, “Twende.” Kisha subiri. Sekunde 10 za kimya ni ndefu kwa mwenye haraka, lakini ujumbe unaopita njia mbovu unahitaji muda huo. Maelekezo yawe ya hatua moja moja. Kwa aliyeshindwa na mpangilio, nguo zipangwe kwa utaratibu wa kuvaliwa, ya ndani juu. Kwa asiyejianzisha, anzisha tendo kwa mkono wako: mpe bilauri mkononi badala ya kuiacha mezani. Kwa aliyepoteza utamu, tumia alichokipenda sana zamani, muziki au mtu fulani, maana vitu vya wastani havimfikii tena. Dakika 10 hadi 20 kwa wakati mmoja zinatosha. Akivuta mkono na kukasirika, acha. Huko ni kukataa, na kuna haki yake.

Ya hatari zaidi ni yale asiyoyaomba. Hatasema ana kiu, njaa au maumivu, wala hatabadilisha mkao, na ngozi ya makalio inaweza kuchubuka kuwa kidonda. Hayo yapangiwe saa.

Kutofautisha ukosefu wa ari na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kunahitaji umakini, kwa sababu hata dodoso zinachanganya. Ile maarufu ya maswali 15 ya sonona ya wazee inauliza kama mtu ameacha shughuli nyingi, na asiye na ari atajibu ndiyo bila kuwa na sonona. Mwenye sonona hujilaumu, hukata tamaa, hulia, pengine hutaka kufa. Asiye na ari halalamiki. Ukimtania anaweza kucheka. Tofauti hii ina uzito hospitalini kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona, hasa zinazoongeza kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, zinaweza kumpunguzia ari zaidi.

Ikiwa alikuwa mchangamfu juzi na leo amezubaa, usingoje wiki 4. Badiliko la saa au siku chache linaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji au dawa mpya ya usingizi, na anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi chini ya kiwango na masikio yasiyosikia vizuri huiga hali hii pia, na vyote viwili vinaweza kushughulikiwa.

Kwa dawa, jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa wagonjwa wa Alzheimer methilfenideti, dawa ya kuchangamsha ubongo, miligramu 10 mara mbili kwa siku kwa miezi 6, likihusisha watu 200. Ari iliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo. Dawa hiyo hugusa moyo, usingizi na hamu ya kula, hivyo hutolewa na daktari tu. Kabla ya kumwona, andika kwa wiki mbili mara ngapi mgonjwa alianzisha jambo mwenyewe, na mara ngapi alifanya baada ya kuanzishwa. Dodoso ya mabadiliko ya tabia katika dimensia, iliyotungwa na Jeffrey Cummings na wenzake mwaka 1994, huzidisha alama ya mara ngapi, 1 hadi 4, kwa alama ya ukali, 1 hadi 3, na daftari lako litamrahisishia daktari kujaza zote mbili.